Mama anakunywa matone ya "nano" ya mlonge kwa kisukari. Aache vidonge?

Shikamoo mshauri,

Naandika kutoka Ujiji. Mama yangu ana miaka 61, na huu ni mwaka wa tisa tangu aambiwe ana kisukari cha ukubwani. Anatumia metformini ya miligramu 500 asubuhi na jioni, na glibenklamidi ya miligramu 5 kila asubuhi. Sindano hajawahi kuchoma.

Mwezi uliopita shangazi alimletea chupa nyeusi ya mililita 100 aliyoinunua Mwanga kwa shilingi 85,000. Karatasi iliyobandikwa inasema ni "nano ya fedha na mlonge", na kwamba chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo zinapenya hadi kwenye kongosho na kulifufua. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna namba ya usajili, hakuna tarehe ya kuisha muda. Dawa yenyewe ni maji ya rangi ya chai yenye ladha ya chuma. Mama aliambiwa anywe matone 20 asubuhi na 20 usiku, asile ugali usiku, na baada ya siku 30 aache vidonge vya hospitali kwa sababu "vinaua figo".

Kabla ya kuanza, sukari yake ya asubuhi ilikuwa 13.8 (milimoli kwa lita). Siku ya nane ikawa 6.2, nyumba nzima tukafurahi. Siku ya kumi na mbili, saa kumi alfajiri, nilimkuta ametota jasho, anatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka. Nikampima: 2.9. Nikampa chai yenye sukari nyingi, akarudi. Muuzaji alipopigiwa simu akasema hiyo ni dalili kwamba dawa inafanya kazi na mwili unajisafisha. Shangazi amemwamini, tena anachangisha ndugu zinunuliwe chupa tatu nyingine. Mama bado anaendelea na matone.

Nimesoma mtandaoni nikakuta kweli kuna tafiti nyingi za nano za mimea na kisukari, ndiyo maana siwezi kusema tu kwamba ni uongo. Naomba kujua: sayansi hiyo ipo kweli? Kilichoshusha sukari ya mama ni nini? Vidonge aache? Na kama shida ni bei, naweza kuitengeneza mwenyewe? Nimeona video, wanachemsha majani tu na kuongeza kemikali moja.

Binti wa Ujiji

*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na mama, sayansi itasubiri, kwa sababu 2.9 alfajiri haisubiri.

Matone yasimame leo. Vidonge msiviache kwa uamuzi wa nyumbani, ila glibenklamidi ina sharti lake: humezwa na chakula, na asiyekula haimezi. Mpime mama asubuhi kabla ya kidonge. Ikiwa iko chini ya 4, itibuni kwanza, na glibenklamidi isubiri kauli ya daktari. Kesho mpeleke kliniki anayohudhuria, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, akiwa na chupa, vidonge vyake vyote na daftari la vipimo. Mwambie daktari habari ya matone waziwazi, hata kama mama anaona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye kisukari anayeficha dawa ya pembeni anamfanya daktari apange dozi gizani: ataona 6.2 asifu vidonge, au aone 2.9 avipunguze, kumbe hesabu nzima ina kitu cha tatu asichokijua.

Ulifanya vizuri kumpima na kumpa sukari. Ila chai ya moto hunywewa polepole. Mara nyingine koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji ya kawaida, au mpe nusu ya chupa ndogo ya soda, ile yenye sukari, isiyo ya "dayati". Subiri dakika 15, mpime tena. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikishapanda, ale kitu cha kukaa tumboni: mkate, kiazi, uji. Na usimwache akalale ukadhani yameisha. Glibenklamidi inaweza kuendelea kufanya kazi mwilini hadi siku nzima, kwa hiyo sukari iliyopandishwa kwa soda hushuka tena baada ya saa mbili au tatu. Mpime kila baada ya saa mbili mpaka uone imetulia. Akiwa hawezi kumeza au haitikii, usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze ubavu, akimbizwe hospitali.

Kauli ya muuzaji kwamba mwili "unajisafisha" haina ukweli wowote. Ubongo hauna akiba ya maana ya sukari. Jasho na kutetemeka ni mwili unaopiga kelele, na maneno kuchanganyika ni ubongo ulioanza kuishiwa. Anayemwambia mgonjwa wa namna hiyo aendelee na dozi anamhatarisha.

Sasa swali lako la pili, maana humo ndimo kuna jibu lote. Kutoka 13.8 hadi 6.2 kwa siku nane, kisha 2.9. Nani kaishusha?

Mtuhumiwa wa kwanza ni sahani ya usiku. Muuzaji alimwambia mama asile ugali usiku. Kwa nyumba nyingi za Kigoma ugali huo ni wa muhogo, na unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu, protini yake ni kidogo sana. Ukiuondoa mlo huo, sukari ya asubuhi inaweza kushuka, hata kama chupa ingejazwa maji ya kisimani. Ubaya ni kwamba glibenklamidi haijui kama umekula. Kazi yake ni kulisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Mtu aliyemeza kidonge asubuhi na akalala na njaa, saa kumi alfajiri ndiyo saa yake ya kuanguka. Peke yake hii inatosha kueleza 2.9.

Wa pili ni figo. Baada ya miaka tisa ya kisukari figo zinaweza kuwa zimeanza kuchoka bila dalili yoyote, na figo zikichoka glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Dozi ileile aliyoizoea kwa miaka inakuwa kubwa kwake. Ndiyo maana kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, hakiepukiki safari hii. Kama figo zimepungua nguvu, daktari ana vidonge vingine vya kumbadilishia.

Wa tatu ni wa kutisha zaidi: huenda ndani ya chupa kuna kidonge cha hospitali kilichosagwa. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2008 huko Singapore watu zaidi ya 100 wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya, na wengine wakafa, baada ya kumeza dawa haramu za kuongeza nguvu za kiume ambazo ndani yake ilikutwa glibenklamidi. Muuzaji wa "mitishamba" ya kisukari anayetaka mteja aone matokeo ndani ya wiki anajua kidonge gani kitampa matokeo hayo, tena ni cha bei rahisi. Kama ndivyo, mama alikuwa anameza dozi mbili: moja anaijua, nyingine imefichwa. Sisemi ndivyo ilivyo kwenye chupa yenu. Rangi na ladha haziwezi kutwambia, maabara inaweza.

Madini ya fedha yenyewe, ile nano, nayaweka mwisho kabisa kwenye orodha ya watuhumiwa. Nikueleze kwa nini, kwa sababu uliyoyasoma mtandaoni si uongo, ila yamesomwa nusu.

Nano ni kipimo cha udogo. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe za nano kwa kawaida ni zile za kati ya nanomita 1 na 100. Unywele una unene wa kama nanomita 80,000, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa kama 7,000. Madini yakifika udogo huo hubadili tabia: dhahabu huwa nyekundu kama juisi ya rozela, fedha huwa ya njano hadi kahawia. Teknolojia hii inatibu watu tayari. Baadhi ya chanjo za UVIKO-19 zilibebwa ndani ya vitone vya mafuta vya ukubwa wa nano, na zipo dawa za saratani zinazobebwa hivyohivyo. Hapa kwetu, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia nano. Kwa hiyo neno lenyewe halina kosa.

Kwenye kisukari tafiti ziko za namna mbili kubwa, na watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuchukua kemikali ya mmea, au insulini yenyewe, na kuifunga ndani ya kifuko cha nano ili isiharibiwe na asidi ya tumbo na ipenye vizuri kwenye utumbo. Manjano, kwa mfano, yana kemikali inayoitwa kukumini ambayo mwili huinyonya kwa shida sana. Kifuko kinaweza kuisaidia. Njia hii mimi naiona ina matumaini ya kweli. Ya pili ndiyo ya chupa ya shangazi: kutumia majani kutengeneza chembe za madini, iwe fedha, dhahabu, zinki au seleniamu. Majani ya mlonge, mwarobaini, karela na zambarau yana kemikali zinazoipa chumvi ya madini elektroni hadi igeuke punje za madini, kisha zikazivika punje hizo koti zisishikamane. Ni njia safi kuliko ile ya kutumia kemikali kali, na watafiti wanaipenda kwa sababu hiyo.

Lakini angalia zinapimwaje. Kipimo cha kwanza ni bomba la kioo: chembe zinawekwa pamoja na vimeng'enya vinavyovunja wanga, inatazamwa kama vimezuiwa. Vikizuiwa, makala huandika kwamba nano "ina uwezo dhidi ya kisukari". Chai ya rangi iliyokolea nayo huzuia vimeng'enya hivyohivyo, kwa sababu tanini, zile kemikali zinazoipa chai ukakasi, hushika protini ovyo. Kwa hiyo kipimo hicho ni mlango tu wa kuingilia. Cha pili ni panya. Panya hao hudungwa aloksani au streptozotosini, sumu zinazoua seli za kongosho kwa siku chache, ndipo wanapewa nano kwa wiki mbili, tatu au nne. Kisukari cha mama hakikuja hivyo. Chake kilijengeka miaka mingi, mwili ukizidi kuwa mgumu kuitikia insulini, na kongosho likichoka taratibu. Tena baadhi ya panya wa aloksani hupona wenyewe, kwa hiyo utafiti usio na kundi la kulinganisha unaweza kuisifia dawa kwa kazi ya Mungu.

Hata dozi haihami kirahisi kutoka kwa panya kwenda kwa mtu. Kanuni ya kawaida ni kugawa dozi ya panya mkubwa kwa 6.2. Panya akipewa miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito, mtu wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 1.9. Kadirio hilo ni la kuanzia majaribio tu. Dozi ya kutibu hupatikana kwa majaribio yenyewe, kwa watu. Matone 20 ni kama mililita moja. Mwulize muuzaji mililita hiyo ina miligramu ngapi za nini. Asiyejua hawezi kusema matone 20 yalitoka wapi, kwa nini yasiwe 5 au 60.

Na hapa ndipo njia inapokatika: hakuna dawa ya kisukari ya chembe za fedha zilizotengenezwa kwa majani iliyopita majaribio ya watu na kuidhinishwa kutibu wagonjwa. Maneno "linafufua kongosho" hayana utafiti wa watu nyuma yake.

Madhara yake, kwa upande mwingine, yanajulikana. Fedha inayonywewa kwa muda mrefu hujikusanya mwilini na inaweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu chenye ubuluu, na rangi hiyo haitoki tena. Kwa mtu mweusi huonekana mapema zaidi kwenye fizi, kucha na weupe wa macho, kwa hiyo mwangalie mama hapo. Figo hupitisha kwa urahisi chembe za chini ya nanomita 6 hivi. Kubwa kuliko hizo huishia kwenye ini na wengu na kukaa. Fedha pia inaweza kupunguza unyonywaji wa baadhi ya antibayotiki na wa vidonge vya tezi ya shingo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za fedha za kunywa zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinatibu ugonjwa wowote. Wiki chache za matone hazitoshi kumbadilisha mama rangi. Chupa nne mfululizo sizitaki kabisa.

Kuhusu kutengeneza nyumbani: usijaribu, na nitakupa sababu badala ya amri tu. Maabara huchukua kama gramu 10 za majani kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, yaani mvuke uliogeuzwa maji tena, huyapasha joto, huyachuja, kisha huyachanganya na naitreti ya fedha yenye nguvu ndogo sana, gramu 0.17 kwa lita. Rangi ikigeuka kahawia, video huishia hapo. Maabara ndiyo kwanza inaanza. Kugeuka rangi kunaonyesha punje zimezaliwa, hakuonyeshi ukubwa wake, wingi wake, wala fedha kiasi gani haijageuka. Hiyo iliyobaki ndiyo yenye ukali: naitreti ya fedha huunguza na kutia ngozi madoa meusi, na kwenye koo na tumbo ni sumu. Ili kuitoa, mchanganyiko huzungushwa kwenye mashine kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, ukaoshwa, ukarudiwa tena na tena. Kisha hupimwa kwa mwanga na kwa hadubini ya elektroni. Jikoni huna hata kimoja cha hivyo.

Maji nayo yana neno. Ya ziwa na ya bomba yana kloridi, na kloridi ikikutana na fedha hutengeneza ukungu mweupe unaogeuka mweusi juani. Hiyo si nano tena. Majani ya masika hayana kemikali sawa na ya kiangazi, kwa hiyo hata ukifuata hatua zilezile unapata kitu tofauti kila safari. Na chembe zenyewe zikikaa kwenye joto na mwanga hushikamana na kuzama: ukiona mashapo ya kijivu chini ya chupa, nano imeshaacha kuwa nano. Wako pia wanaouza unga wa mlonge wa kawaida kwa jina la nano kwa sababu "umesagwa sana". Unga laini wa kinu una punje za makumi ya maelfu ya nanomita au zaidi. Ni unga mzuri tu wa mboga, uitwe unga.

Mlonge wenyewe sina ugomvi nao. Mama aule kama mboga pamoja na dagaa, ni chakula chema. Ila asikusanye dawa za majani juu ya glibenklamidi bila kumwambia daktari, hasa karela na uwatu, maana hivyo vinaweza kuongeza kushuka. Na asali, hata ile nzuri ya Tabora, ni sukari. Nalisema hilo kwa sababu wagonjwa wengi wanaambiwa vinginevyo.

Sasa "vidonge vinaua figo". Metformini haiui figo. Hutolewa mwilini na figo, ndiyo sababu daktari huipunguza au kuiacha figo zikiwa zimeshadhoofika, na watu wakiona imepunguzwa wanadhani ndiyo iliyodhuru. Zinazoharibu figo ni sukari ya 13.8 inayokaa miaka, na shinikizo la damu lisilotibiwa. Mwambie shangazi jambo hili, maana naona anapenda dawa za mimea: metformini chanzo chake ni mmea. Ulaya kulikuwa na jani liitwalo Galega officinalis lililotumiwa zamani na waganga wa huko. Wanasayansi wakakuta ndani yake kemikali inayoshusha sukari lakini yenye sumu, wakatafuta ndugu zake walio salama, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya metformini kwa wagonjwa. Hivyo ndivyo jani linavyokuwa dawa: sumu hutengwa, dozi hujulikana, watu hupimwa. Nano ya mlonge huenda siku moja ikapita njia hiyo. Bado haijapita.

Tuje kwenye wiki mbili zijazo. Hospitali omba vipimo hivi: kreatinini ya damu, protini kwenye mkojo, vimeng'enya vya ini kwa sababu ya chupa, na HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. HbA1c ya asilimia 7 au chini kidogo huwa ndiyo shabaha ya wengi. Kwa mwenye umri na anayeshuka ovyo daktari anaweza kuilegeza. Kama kwenye ukoo wenu kuna selimundu, au mama ana upungufu wa damu, sema mapema, maana HbA1c hudanganya kwa watu hao. Na ukumbuke kwamba chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120. Anayekuonyesha HbA1c "iliyopona" kwa wiki mbili hakuonyeshi kitu.

Nyumbani pima kwa mpango, usipime kwa hofu. Mpaka sasa una namba tatu tu, na namba tatu haziwezi kusema dawa gani ilifanya nini. Pima asubuhi kabla ya kula kila siku. Siku moja ongeza saa mbili baada ya mlo wa mchana, siku inayofuata ongeza kabla ya kulala, mkipokezana hivyo. Andika na alichokula na saa aliyomeza kidonge. Anawe mikono kwa sabuni na maji na kuikausha kabla ya kuchoma kidole: aliyemenya embe au ndizi anaweza kupata 12 ya uongo kutoka kwenye ngozi. Kopo la stripu, vile vipande vya kuwekea damu kwenye mashine, lifungwe mara tu unapotoa moja, lisikae dirishani wala karibu na jiko, na tarehe yake iangaliwe. Namba ikikushangaza, nawa, choma kidole kingine, rudia.

Chakula sitakuandikia kurasa. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake, usiku pia ale, nusu ya sahani iwe mboga, samaki au maharage yawepo, mawese kijiko. Dakika 15 za kutembea baada ya kula zinashusha sukari kuliko mnavyodhani.

Shangazi asigeuzwe mshtakiwa. Alitoa hela yake kwa upendo. Kaa naye, mwonyeshe 2.9 kwenye kumbukumbu ya mashine, halafu mwombe ampigie muuzaji mwenyewe na kuuliza: dawa imesajiliwa wapi, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba au Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na namba ni ngapi? Imetengenezwa lini, na nani? Ina miligramu ngapi za fedha kwa mililita? Akileta karatasi ya maabara inayosema "haina sumu", hiyo haijasema inashusha sukari. Ni maswali mawili tofauti. Chupa tatu ni shilingi 255,000. Pesa hiyo inatosha stripu za miezi kadhaa, na stripu ndizo zilizomwokoa mama alfajiri ile.

Chupa iliyobaki usiimwage. Ifunge, iweke mahali pa baridi pasipo na mwanga, andika tarehe aliyoanza na aliyoacha, umpe mfamasia wa hospitali. Mwombe ajaze fomu ya kuripoti madhara ya dawa na aulize namna ya kuipeleka sampuli ikapimwe. Mkiripoti, nyumba ya pili yenye chupa kama hiyo ina nafasi ya kujua.

Usiku wa leo mpime kabla hajalala. Ikiwa iko chini ya 6, ale kipande cha mkate au kikombe cha maziwa kwanza. Weka karibu na kitanda chake glasi ya maji, sukari kwenye kikopo chenye kijiko, na ile mashine. Amka saa tisa usiku umpime tena, na kesho usiku vilevile, mpaka daktari awe ameshamwona.